Dumu la Mama Mkwe Kwenye Maegesho

Ili nishuke kwenye gari bila kubebwa nahitaji vitu viwili tu: ardhi ngumu iliyo sawa, na mlango unaofunguka mpaka mwisho. Nikivipata, nakivuta kiti mwendo kutoka upande wa abiria, nakipitisha juu ya tumbo, nakitoa nje, nakikunjua, nakifunga breki, kisha najiinua kwa mikono na kuhama. Kwangu ni dakika tano. Nikivikosa, mimi ni mzigo, na wabeba mizigo huwa hawakosekani.

Naandika haya kwa sababu kidonda kimefunga na sasa naweza kukaa barazani mchana bila homa. Nawaandikia hasa waliotoka hospitali karibuni na kuambiwa kwamba miguu ndiyo basi tena. Madaktari watawaeleza ya madaktari. Mimi nilikuwa dereva, nitawaeleza ya kupaki.

Nimeendesha magari ya ofisi hapa Newala tangu ujana wangu. Mgongo ulipoanza kuuma niliuita mgongo wa kazi. Dereva gani haumwi mgongo? Nikachuliwa kwa mafuta ya nyonyo, nikachanjwa chale, nikavaa mkanda, nikaendelea. Nilikuwa naamka shuka limelowa jasho na mke wangu, Mama Anjela, akawa analianika nje. Kisha asubuhi moja natelemka kwenda Masasi, gari limejaa wakubwa wangu, nikataka kukanyaga breki, mguu haukwenda. Niliutazama. Ulikuwa umelala pale chini kama wa mtu mwingine. Nikavuta breki ya mkono, nikaliingiza gari kwenye mchanga wa pembeni, likasimama. Bosi aliyekuwa anasinzia akauliza kuna nini.

"Mguu umegoma, mzee," nikamwambia.

Wakacheka. Na mimi nilicheka. Gari lile sikuliendesha tena.

Huko Masasi waliniambia ni kifua kikuu kimeingia mgongoni, na mimi sikuwa nakohoa hata kidogo. Benchi la kusubiria picha lilikuwa la mbao nyembamba. Walinilaza juu yake na Mama Anjela akakaa chini ameuegemeza mgongo wake ubavuni kwangu nisianguke. Tulikaa hivyo tangu asubuhi hadi saa nane mchana. Kisha vikaja vidonge, kila siku kabla ya uji, na mkojo wa rangi ya machungwa, na baadaye mpira wa mkojo, na kugeuzwa kila saa mbili kama mkate. Mvua zilianza nikiwa wodini na zikaisha nikiwa wodini. Mapaja yangu yaliyokuwa yanajaza suruali yakawa kama mihogo ya mwaka wa njaa. Mke wangu ni mwembamba, lakini ndiye aliyekuwa ananigeuza, na tulipotoka naye alikuwa anatembea ameshika kiuno. Tukarudi nyumbani kwetu Kitangari, nyumba moja, migongo miwili mibovu.

Tuligombana sana miezi ile. Sitawaficha. Tuligombania chumvi, tuligombania redio, tuligombania mlango uliofungwa kwa nguvu. Kilichokuwa kinatugombanisha hasa ni kwamba kila nilichotaka kilipita mikononi mwake, hata kwenda msalani, na yeye amechoka, na mimi nimechoka kumchosha.

Rehema ilitoka Nanganga, anakoishi kaka yangu. Alikuwa na gari dogo la otomatiki alilokuwa ameliacha chini ya mkorosho, kuku wanataga ndani. Akanipa. Fundi mmoja wa Masasi, aliyezoea kuchomelea matela, akanitengenezea fimbo mbili za chuma, moja ya breki na moja ya mafuta, nikawa naendesha kwa mikono mitupu. Nikajaribiwa, leseni ikaandikwa upya. Siku ya kwanza kutoka Kitangari kwenda Newala peke yangu, mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua na ukungu haujainuka. Nililia njia nzima, na sioni aibu kulisema.

Kuanzia hapo, Jumanne na Ijumaa zikawa siku zangu za kliniki. Kliniki ninayotibiwa Newala, jina naliacha, ina mteremko wa saruji unaopanda mpaka mlangoni. Mbele ya mteremko kuna sehemu pana iliyosakafiwa, imepakwa rangi ya bluu na kuchorwa kiti cha magurudumu. Uwanja mwingine wote ni mchanga mwekundu, na gurudumu la kiti likiingia humo halitoki. Kwa hiyo pahali pangu ni pale tu.

Sasa hapa lazima nikiri. Nilipokuwa dereva wa ofisi nilikuwa napaki palepale. Pana kivuli, pako karibu na mlango. Siku moja alikuja mama mmoja mwenye pikipiki ya magurudumu matatu, mguu wake mmoja umenywea tangu utotoni, magongo ameyafunga ubavuni. Akaniambia kwa upole, "Kaka, hapo ni pangu." Nikamjibu, "Dakika mbili tu, dada." Kisha nikalaza kiti, nikavuta kofia usoni, nikalala saa nzima. Nilipoamka bado alikuwa juani juu ya pikipiki yake. Nilikuwa nimemsahau mpaka Mungu alipoamua kunikumbusha. Wazee walisema hujafa hujaumbika.

Wiki ya tatu ya kuendesha nilikuta gari kubwa limekaa juu ya rangi ya bluu. Dereva wake akasema nini? Dakika mbili tu. Mlinzi, Mzee Nalinga, ni mtu mwema, lakini mbele ya gari kubwa huwa anakosa sauti. Wakajitokeza wanaume wanne, wema tupu, hakuna aliyeniuliza. "Shika miguu." "Wewe shika kwapa." "Pole pole, asije akavunjika." Walinijadili kama gunia la korosho. Mpira wa mkojo ukanasa kwenye kitasa cha mlango, ukachomoka, na suruali, ambayo siku hizi haina cha kuishikilia, ikateremka mpaka magotini. Mkojo ukatiririka juu ya viatu vya wale wanaume wema. Na kwenye benchi la barazani, amekuja kuangalia macho yake, alikuwa amekaa mama mkwe wangu.

Bibi Anastazia, mama yake Mama Anjela, nyumba yake iko nyuma ya kliniki. Kwetu mkwe ni mtu wa kuogopwa. Tangu nimwoe binti yake sijawahi kumtazama machoni. Shikamoo naitoa kwa mbali nikiwa nimeinama, marahaba inakuja kwa mbali, basi. Siku ile alijifunika kanga usoni, akageukia ukutani, na hakugeuka tena mpaka niliposukumwa ndani. Nesi Matrida, anayenisafisha vidonda, alinifunika shuka akaniambia yameshapita. Hayakupita. Niliapa kwamba sitabebwa tena mbele ya watu hata iweje.

Kiapo hicho nusura kiniue. Kipindi kile nilikuwa na kidonda kidogo kwenye kalio, cha kukaa sana, cha kusafishwa mara mbili kwa wiki. Kisichouma ndicho cha kuogopa zaidi, na mimi huko chini sisikii maumivu. Ijumaa iliyofuata nikakuta pikipiki za watu pale kwenye rangi ya bluu. Nikageuza gari, nikarudi Kitangari. Jumanne, gari la mzigo. Nikageuza. Mama Anjela alikuwa ananipigia simu kila mara saa nne.

"Umeshuka?"

"Nimeshuka."

"Umebebwa?"

"Nimeshuka mwenyewe."

Nilikuwa nasema hivyo nimesimamisha gari kando ya barabara, injini inaunguruma. Nilimdanganya mwezi mzima. Alijua kwa pua. Asubuhi moja aliinua shuka langu, akalinusa, akanigeuza upande. Kisha akakaa chini sakafuni.

"Baba Anjela, nani amekisafisha hiki?"

Nikavuta shuka kujifunika.

"Nakuuliza. Nani amekisafisha?"

"Hapakuwa na nafasi ya kupaki."

"Kwa hiyo bora uoze?"

"Bora nioze kuliko kubebwa vile."

Alinitazama kama mtu asiyenijua. "Mimi nimekubeba mwaka mzima," akasema. "Mimi je, si mtu?" Akatoka nje, na sikumwona mpaka jioni. Kati ya yote niliyosikia katika ugonjwa huu, mfupani hadi rohoni, hayo ndiyo yaliyouma. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeyaficha kwa mtu aliyekuwa anayaosha.

Nikarudi Masasi, kulala kifudifudi. Msimu wote wa korosho nilikuwa natazama sakafu ya wodi. Watu wakaokota, wakabangua, wakaimba, wakanunua mabati. Mama Anjela aliokota peke yake na binti yetu, na Jumapili alikuja na chakula kwenye hotpoti, ananilisha bila maneno mengi. Nyama iliyooza ilikatwa mara mbili. Daktari aliniambia wazi kwamba kidonda kikifika mfupani hatanihakikishia kitu. Nitatibiwa Newala, yeye atakuja kunikagua huko kila baada ya muda, na nisipoonekana narudishwa kitandani. Kitanda kile nilikiogopa kuliko kaburi. Nilimwahidi Mama Anjela kwamba sitamdanganya tena kuhusu kushuka. Akasema, "Tutaona."

Nilirudi kliniki mvua zikiwa zimeshika. Nafika getini, natazama rangi ya bluu. Hapakuwa na gari. Katikati pamesimama dumu la njano la lita ishirini, limefungwa kitambaa chekundu kwenye mkono.

Kwa asiyeijua Newala, nieleze kidogo. Maji kwetu ni ya kungojea, na foleni ya maji ni ya madumu. Unaweka dumu lako, unakwenda shamba, unakwenda kanisani, unakwenda kuzika. Dumu ndilo wewe. Mtu atakuibia kuku, lakini dumu lililo kwenye foleni hataligusa. Akiligusa, hadithi itamfuata mpaka kwa wajukuu.

"La nani hilo?" nikamuuliza Mzee Nalinga.

"La mkweo. Analileta Jumanne na Ijumaa alfajiri. Hasemi kitu. Madereva wanaliona, wanapaki mbali." Akaliondoa kwa heshima, akaliweka pembeni ya mteremko. Nikaegesha. Mlango ukafunguka mpaka mwisho.

Simu ikalia. "Umeshuka?"

"Nimeshuka mwenyewe." Na ilikuwa kweli, lakini sauti yake ilionyesha kwamba hakuamini.

Sikuweza kumshukuru mkwe ana kwa ana, na yeye hakutaka kushukuriwa. Nilimtumia sukari kupitia Mama Anjela. Ikarudi habari kwamba sukari imefika. Tukaenda hivyo mvua zote, kidonda kikapungua kutoka ngumi hadi kizibo cha chupa.

Mvua zikaisha. Matangi yakakauka, maji yakaanza kuja na boza, lori la tangi, leo mtaa huu kesho ule. Ikafika Jumanne ambayo daktari wa Masasi alikuwa anakuja kunikagua. Nilifika saa tatu, nikakanyaga, samahani, nikavuta breki getini na kushangaa. Dumu la mkwe lilikuwa pale pale. Nyuma yake lilikuwepo dumu la pili, na la tatu, na ndoo zenye vifuniko, na madumu ya bluu na meupe, mstari umepinda mpaka karibu na gari langu. Wanawake wameketi kwenye mteremko, wanasukana.

Mzee Nalinga alikuja mbio. "Baba Anjela, nimewaambia hapa hakuna maji. Hawasikii. Wanasema Bibi Anastazia hajawahi kuweka dumu mahali pasipo na maji."

Na ni kweli. Kwa kuotea boza mama yule hana mpinzani Newala nzima. Walipoona kitambaa chekundu wakajipanga. Walimwuliza boza linakuja saa ngapi, akajibu hajui, wakajua anaficha. Angewezaje kuwaeleza? Kulieleza dumu ni kuieleza ile siku ya suruali.

Mama mmoja akasogea dirishani kwangu. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Mkweo amekwambia boza linafika saa ngapi?"

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka hata na wema wa watu. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye gia ya kurudi nyuma, na kichwani nilikuwa tayari nasikia simu ya saa nne na uongo nitakaousema. Nikakumbuka kile kitanda. Nikakumbuka "mimi je, si mtu?"

"Mama," nikasema, "hapo hakuna maji. Dumu lile linanishikia mimi nafasi ya kupaki. Miguu yangu haifanyi kazi. Nisipopaki pale siwezi kushuka, na nisiposhuka leo narudishwa Masasi."

"Kupaki?" akasema.

"Kupaki."

Akawageukia wenzake akawaambia kwa Kimakonde. Kisha mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote, tangu alfajiri wamepanga foleni ya kupaki gari ambalo hawana. Nami nikacheka. Ndipo nikamwona Bibi Anastazia amesimama kwenye kona ya jengo, ametupa mgongo, kanga kichwani. Hakusema nami. Alisema na wanawake, kwa sauti ya kunifikia.

"Mwambieni mkwe wangu asiondoke. Dumu la kwanza ni lake. Anayetaka kumruka, amruke nimwone."

Wakainuka. Walihamisha madumu yote upande wa ukuta, moja moja, kwa mpangilio uleule, na waligombana vizuri juu ya nani alikuwa nyuma ya nani, maana boza huenda likaja kweli. Nikaingia taratibu. Nikafungua mlango. Mwanamke mmoja mwenye mikono ya kazi akanijia anikamate kwapani.

"Msimguse," sauti ya Bibi Anastazia ikasema kutoka kwenye kona. "Anashuka mwenyewe."

Nilishuka mbele ya macho ya watu wasiopungua arobaini, na ilizidi zile dakika tano. Hakuna aliyenigusa. Mkwe wangu hakugeuka hata mara moja kutazama. Daktari alinifungua, akabonyeza pembeni ya kidonda, akasema hakuna haja ya Masasi. Nesi Matrida alipiga kofi moja dogo, basi, akaendelea na kazi.

Tangu siku ile mji mzima unajua dumu lile ni la nini. Rangi ya bluu imekaa pale miaka bila mtu kuielewa, lakini kuruka foleni kila mtu anakuelewa. Mzee Nalinga ameniambia kwamba dereva mmoja wa mkubwa fulani alilisogeza dumu kwa mguu, akapaki. Wanawake waliokuja na watoto kupima uzito hawakupiga kelele. Walikwenda wakasimama mbele ya gari lake na kumwuliza ametoka kwa nani asiyefunzwa foleni, mpaka akaliondoa.

Jumanne iliyopita ilikuwa siku yangu ya mwisho ya kufungwa kidonda. Nafika, nakuta pikipiki nyekundu ya magurudumu matatu juu ya rangi ya bluu. Hasira ikanipanda mpaka masikioni. Kisha nikaona dumu. Halikutupwa pembeni. Limewekwa nyuma ya pikipiki, limeachiwa nafasi ya kutosha gari, kitambaa kimegeuzwa mbele nikione. Mama mmoja mwenye nywele zilizoanza mvi alikuwa mlangoni juu ya magongo.

"Kaka, nasubiri dawa," akaniita. "Dakika mbili tu. Nimekuwekea dumu lako nyuma yangu, zamu yako isipotee."

Sijui kama alinikumbuka. Mimi nilimkumbuka, hadi rangi ya kofia niliyokuwa nimevuta usoni siku ile. Nikazima gari. Jua lilikuwa linaingia upande wangu na nikaliacha liingie. Dakika mbili zikawa kumi, zikawa ishirini. Sikupiga honi.

Saa nne simu ikalia.

"Umeshuka?"

"Bado."

Nilisikia Mama Anjela anaweka chini alichokuwa ameshika. "Kuna nini? Nani amepaki hapo?"

"Mwenye pahali pake," nikamwambia. "Leo ndiyo namsubiri."